Jinsi Kidude cha Wi-Fi Kilivyopata Mkalimani

Kaeni vizuri, fungueni madaftari. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: adapta, draiva, huria. Leo tuna somo la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya kidude kidogo kama kidole gumba.

Tufikiri kuna shule moja karibu na Mpanda. Shule hiyo imepata kompyuta kuukuu inayoendeshwa kwa Linux, yaani programu kuu ambayo mtu huitumia bila kulipa. Kompyuta haina Wi-Fi. Basi mwalimu mkuu ananunua adapta, kile kidude cha kukamata Wi-Fi, na kukichomeka. Kompyuta kimya. Anakirudisha dukani. Muuzaji anakichomeka katika kompyuta yake, nacho kinafanya kazi! Je, kosa liko wapi?

Tazameni reli yetu. Reli kutoka Kaliua ilifika Mpanda mwaka 1950, nayo ilijengwa kwa ajili ya madini ya risasi. Upana wake, chuma hadi chuma, ni milimita 1,000. Reli mpya ya SGR, iliyoanza kuchukua abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, ina upana wa milimita 1,435. Behewa la reli moja haliwezi kupita juu ya reli nyingine. Behewa ni zima na reli ni nzima, ila havikupatana.

Adapta nayo ni hivyo hivyo. Kati yake na kompyuta inatakiwa programu ndogo, mfano wa mkalimani, ajuaye lugha ya huku na lugha ya huku. Mafundi huiita draiva. Muuzaji alikuwa na mkalimani, mwalimu hakuwa naye.

Sasa tuulize: kwa nini hakuwepo? Hapo ndipo historia inapoanza.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika chuo cha MIT huko Marekani, alikuwapo mtaalamu aitwaye Richard Stallman. Mashine ya kuchapa ya chuoni ilikuwa ikikwama karatasi mara kwa mara. Stallman alitaka kuirekebisha programu yake, akaomba maandishi yake. Akanyimwa. Yalikuwa siri. Jambo hilo lilimkera sana. Mwaka 1983 alitangaza kazi ya kutengeneza programu huria, yaani programu ambayo kila mtu ana ruhusa ya kuisoma, kuirekebisha na kumgawia mwenzake. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, Finland, alianzisha Linux, na watu wa nchi nyingi wakamsaidia.

Kisha ikaja Wi-Fi, jina lililoanza kutumika mwaka 1999. Kampuni nyingi zilitengeneza draiva kwa ajili ya Windows tu. Habari za jinsi chipu inavyofanya kazi zilifichwa. Mwenye Linux alibaki na kidude kizima kisichomfaa.

Watu hawakukata tamaa. Kwa chipu za kampuni ya Broadcom, wataalamu waligawana kazi. Kundi la kwanza lilichunguza draiva ya kampuni na kuandika maelezo. Kundi la pili lilisoma maelezo hayo tu, likaandika draiva mpya kabisa. Kwa njia hiyo hakuna aliyeweza kuambiwa kuwa amenakili mali ya mwenzake. Draiva yao iliingizwa katika Linux mwaka 2006. Mwaka 2010 Broadcom yenyewe ilitoa wazi maandishi ya draiva ya chipu zake mpya.

Mmoja wa wafanyakazi wa kazi hiyo alikuwa Larry Finger wa Marekani. Hakuwa fundi wa kampuni ya kompyuta. Alikuwa mtaalamu wa mawe, aliyechunguza jinsi fuwele za madini zilivyopangika ndani. Madini mojawapo yameitwa fingerite kwa heshima yake. Katika uzee wake alishughulika na draiva za Wi-Fi, hasa za Broadcom na Realtek, na kuwajibu watu wengi wasiomjua waliokwama. Alifariki Juni 2024. Kazi yake ingali inatumika.

Kwetu pia mlango huo ulitumiwa. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia kwa Kiswahili. Kama maandishi ya awali yangefungiwa sandukuni, kazi hiyo isingewezekana.

Basi mwalimu wetu afanye nini? Asome namba. Aandike amri ya lsusb, na kompyuta itamwonyesha namba ya kidude. Jina la boksi halitoshi. Adapta ya TP-Link iitwayo TL-WN725N ina toleo la kwanza na la pili: jina ni lile lile, chipu ni mbili tofauti. Kwa namba hiyo atatafuta draiva inayofaa. Mara nyingi Linux mpya zaidi huwa nayo tayari. Na ataipataje bila intaneti? Achomeke simu yake kwa waya wa USB, iipe kompyuta intaneti kwa muda.

Ndugu wanafunzi, tazameni: kidude hakikubadilika hata kidogo. Kilichopatikana ni maandishi, na watu waliokubali kuyasoma, kuyaandika na kuyagawa.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Draiva inafanana na mkalimani kwa namna gani?
2. Kwa nini Stallman alikasirika?
3. Je, ni ujuzi gani hapa kwetu unaofichwa, ambao ungewafaa wengi kama ungeandikwa?

Kwaherini, hadi somo lijalo.