Dalili ya Mvua ni Mawingu: Habari ya Matabibu na Saratani

Wazee wetu walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Nahodha hutazama mbingu kabla ya kung'oa nanga, na tabibu naye ana mawingu yake. Kazi yake si kutoa dawa tu, bali pia kutazama mbele na kujiuliza: Je, ugonjwa huu utakwenda wapi? Mgonjwa huyu atafaa kwa dawa hii, au ile? Katika makala haya tutaeleza jinsi elimu hiyo ya kusoma dalili ilivyokwenda katika maradhi ya saratani, ambayo wengi wetu twayaita kansa, mpaka ikafika kwenye dalili ndogo mno zilizomo ndani ya mwili.

Hebu tuanze Andalusi. Katika mji wa Cordoba aliishi tabibu mkubwa wa upasuaji, Abu al-Qasim al-Zahrawi, aliyefariki karibu na mwaka 1013. Katika kitabu chake cha Tasrif, chenye sehemu 30, alieleza kwamba saratani ikiwa changa na ndogo, na ikiwa mahali ambapo yaweza kukatwa yote, kama vile kwenye titi, basi ijaribiwe kukatwa. Lakini ikiwa kubwa na ya siku nyingi, akaonya isiguswe. Maana yeye mwenyewe hajapata kumponya mtu wa namna hiyo, wala hajamwona aliyeponya. Tazama basi, ndugu msomaji: miaka elfu iliyopita dalili mbili zilikwisha julikana, ukubwa wa uvimbe na umri wake. Hata leo hakuna daktari wa saratani asiyeanza na mambo hayo mawili.

Sasa na tuje kwetu. Ukitoka soko la samaki la Feri ukafuata ufuko kupita Ikulu, utaliona jengo la kale la hospitali ya Ocean Road. Lilijengwa na Wadachi mwishoni mwa karne ya 19, na daktari wao mashuhuri, Robert Koch, alifanya kazi Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898 akichunguza malaria. Hospitali hiyo ilikuwa ya Wazungu. Wenyeji na Wahindi walitibiwa kwingine, katika hospitali iliyotokana na sadaka ya tajiri Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara wa misafara ya Bagamoyo, aliyefariki mwaka 1897. Jina lake lingaliko katika jengo la Sewahaji, Muhimbili. Ocean Road nayo baada ya uhuru ikawa ya wote, ikashika kazi ya kutibu saratani, na mwaka 1996 ikawa taasisi inayojitegemea. Hapo huja wagonjwa kutoka kila mkoa, na wengi wao, kwa masikitiko, huja hali ile ya pili aliyoitaja Zahrawi: uvimbe mkubwa na wa siku nyingi.

Lakini habari kubwa ya dalili mpya ilianzia kwa jirani zetu, Kampala. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliona watoto wenye uvimbe wa mataya usio wa kawaida. Aliandika habari zake mwaka 1958, na mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walifunga safari ya gari ya maili 10,000 hivi, kutoka Uganda mpaka kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Wakaona kwamba ugonjwa huo unapatikana nchi za joto na mvua nyingi, na si katika milima yenye baridi. Leo yajulikana kwamba malaria ya mara kwa mara ina mkono wake katika jambo hilo.

Mwaka huohuo wa 1961 Burkitt alitoa mhadhara London, na mmoja wa waliomsikiliza, Anthony Epstein, akashika wazo kwamba huenda kuna kirusi. Vipande vya uvimbe vikawa vinapelekwa kwa ndege kutoka Kampala. Siku moja mwishoni mwa mwaka 1963 ndege ilizuiwa na ukungu, ikatua Manchester, na kipande kikachelewa kufika. Maji yake yalikuwa yamechafuka, mtu angedhani yameoza. Epstein hakuyamwaga, aliyatazama, akakuta seli hai zinaelea. Kwa seli hizo yeye na wenzake waliweza kukuza uvimbe ule nje ya mwili, na mwaka 1964 wakatangaza kirusi kinachoitwa Epstein-Barr.

Hapo ndipo panapoingia dalili ndogo tuliyoitaja. Kuifahamu, chukua mfano wa duka la Kariakoo. Tajiri ana daftari kubwa ambalo halitoki dukani. Kila siku huandika vikaratasi kwa mafundi wake: kata kanzu tatu, shona mbili. Ndani ya seli daftari hilo ndilo DNA, na vikaratasi ni RNA, na bidhaa zinazotengenezwa ni protini. Kwa miaka mingi wataalamu waliamini kwamba kikaratasi kisichoagiza bidhaa hakina maana, kama takataka ya kufagiwa. Na mahali penye maagizo ya protini katika daftari lote ni kama sehemu 2 tu katika 100. Kumbe vile vingine vina kazi. Kuna vinavyosema: agizo lile lisimame, hili liharakishwe. Hivyo ndivyo viitwavyo RNA zisizounda protini.

Mwaka 1981 Joan Steitz na wenzake huko Marekani walieleza vikaratasi viwili vya namna hiyo vinavyotokana na kirusi kile kile cha Epstein-Barr. Vikaitwa EBER. Katika seli moja yenye kirusi huweza kuwamo milioni nzima. Kwa hiyo, kipande cha uvimbe kikikatwa chembamba na kutiwa dawa inayoshikana na EBER, viini vya seli hubadilika rangi, na daktari akajua kirusi kimo. Uvimbe wa Burkitt wa watoto wa Afrika, karibu wote, huonyesha alama hiyo.

Baada ya hapo habari zikafuatana. Mwaka 1993 Victor Ambros na Gary Ruvkun walieleza RNA ndogo mno katika mnyoo, nao wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2024. Mwaka 2002 timu ya Carlo Croce iliona RNA ndogo mbili zikikosekana kwa wagonjwa wengi wa aina moja ya saratani ya damu, na mwaka 2005 ikaonyesha kwamba kundi la RNA 13 laweza kusaidia kutenganisha ugonjwa unaokwenda polepole na unaokwenda mbio. Mwaka 2008 ikathibitika kwamba RNA ndogo hudumu katika maji ya damu. Na mwaka 2010 RNA ndefu iitwayo HOTAIR ilionekana kuwa nyingi katika saratani za titi zilizoelekea kusambaa. Mwaka 2012 Marekani iliruhusu kipimo cha mkojo kinachotafuta RNA iitwayo PCA3, kusaidia kuamua kama mwanamume atolewe tena kipande cha tezi dume. Matabibu wa kale walitazama mkojo ndani ya chupa. Wa leo wanautazama tena, kwa jicho kali zaidi.

Hata hivyo, haifai kupiga vigelegele kabla ya arusi. Vipimo vingi vya namna hii havijatoka maabara kwenda kwa mgonjwa. Orodha ya RNA iliyotolewa na watafiti hawa mara nyingi haikubaliani na ya wale. Damu ikipasuka seli zake wakati wa kutolewa, hesabu huharibika. Na sehemu kubwa ya uchunguzi imefanywa China, Ulaya na Marekani, si kwa watu wetu. Dalili isiyopimwa kwa watu wa Tandika na Tanga haijawa dalili yetu.

Na kuna jambo kubwa kuliko hilo. Wapo wanaokimbia vipimo wakisema, "Kwa nini nijitabirie kifo?" Na wapo wanaoyapokea majibu kama ramli. Wote wawili wamekosea. Ajali ya mja ni ghaibu, nayo iko kwa Mwenyezi Mungu peke yake. Daktari hasomi ghaibu, anahesabu. Anasema: katika watu 100 wenye alama hii, wangapi waliishi, na dawa gani iliwafaa. Ni habari ya kundi, wala si hukumu ya mtu mmoja.

Uvimbe wa Burkitt wenyewe ni shahidi. Huweza kuwa maradufu kwa siku moja au mbili, na mtu angesema hapana matumaini. Lakini katika miaka ya 1960 Kampala ilionekana ukiyeyuka kwa dawa, na wako watoto waliopona kabisa kwa dozi chache tu. Kukua upesi kuliwatisha wazazi, kumbe ndiko kulikoufanya ushikwe na dawa. Aliyeletwa mapema alikuwa na nafasi kubwa. Aliyezungushwa huku na huku, siku zilimwishia njiani.

Kwa hiyo, enyi wazazi, msingojee kipimo cha RNA. Mtoto akivimba taya au tumbo, msihesabu wiki. Mama zetu wakapimwe mlango wa kizazi, ambao hukaguliwa kwa siki tu na kwa muda mfupi. Na mabinti wapewe chanjo yake, iliyoanza kutolewa nchi nzima mwaka 2018. Wala jamaa wasimfiche mgonjwa habari ya mwili wake, kwani ni amana yake, naye ana wasia wa kuandika, deni la kulipa na watu wa kuombana radhi.

Mawingu hayaleti mvua kwa lazima, lakini mwenye busara akiyaona huanua mpunga wake.