Walilipwa Malisho: Askari Wastaafu wa Isiolo

Vita Vikuu vya Kwanza vilipokwisha, serikali ya kikoloni ya Kenya ilikuwa na askari wengi wa kuwaaga, na haikuwaaga kwa mkono mmoja. Wazungu walipewa mashamba kwa mpango wa mwaka 1919. Maofisa wa Kiingereza waliorudi na ulemavu waliundiwa koloni lao Kericho, BEADOC, ekari 25,000 hivi, walime kitani. Wasomali wa Isahakia na Waherti, waliopigana chini ya bendera hiyo hiyo, waliachiwa malisho ya Isiolo.

Hati ya ardhi hawakupewa. Na mtu asiye na hati hajengi nyumba ya mawe. Huweka mali yake kwenye miguu minne. Basi kazi ya wastaafu hao ikawa biashara ya mifugo: kununua kwa wafugaji wa kaskazini na kuteremsha kusini. Huko njiani kulikuwa na karantini. Kwa hofu ya homa ya mapafu, ng'ombe walizuiliwa Isiolo wakichunguzwa kabla ya kuruhusiwa kuvuka kuelekea nyanda za Wazungu. Kila siku ya kungoja mnyama alikonda, na mchungaji alitaka ujira wake vilevile.

Kericho nako mambo yaliharibika. Bei ya kitani iliporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1920, koloni likavunjika, na ardhi ikaja kuwa mashamba ya chai. Lakini wale maofisa angalau walikuwa na kitu cha kuuza.

Wa Isiolo walibaki kugombea hadhi. Sheria ya kodi ya mwaka 1936 iliwataka walipe shilingi 20. Isahakia wakakataa, wakadai walipe 30 kama Wahindi. Ni nadra kumwona mtu akilia aongezewe kodi! Ila hesabu yao ilikuwa sawa: katika koloni lililogawa haki kwa rangi, shilingi 10 za ziada zilikuwa bei ya kutohesabiwa miongoni mwa "wenyeji".

Vita vya Pili havikubadili mizani. Katika kiinua mgongo cha kuagia jeshi, Mzungu aliweza kupata hadi mara tatu ya Mwafrika wa cheo kile kile.

Leo Isiolo ina vyuo vya jeshi vya askari wa miguu na wahandisi wa vita. Madai ya hati za ardhi katika kaunti hiyo bado hayajamalizika.