Gunia la Unga, Ubao na Daftari

Katika parsele nyingi za Kampemba, Lubumbashi, iwe Bel-Air au Bongonga, kilio kina utaratibu ambao hakuna aliyeuandika. Mgeni akishapewa kiti, mtu mmoja wa familia humweleza tangu mwanzo: marehemu aliamka salama, akaomba chai, saa nne akalalamika kichwa, tukahangaikia teksi. Akija mgeni mwingine, habari huanza upya kwenye chai ileile. Kufikia siku ya tatu msimulizi halii tena penye chai. Hulia akifika penye teksi tu. Mimi nilizisikia habari hizo vipandevipande, maana kazi ya vijana kwenye kilio ni kubeba viti.

Viti hivyo vilinirudia nilipokutana na habari za mafunzo ya kumbukumbu waliyopewa wasichana wa Kabul. Matokeo yalichapishwa mwaka 2023. Wasichana 125 waligawanywa. Baadhi wakapata vikao 10 ndani ya wiki 2, wengine wakabaki na huduma za kawaida. Vikao vya mwanzo vilikuwa mazoezi ya kukumbuka tukio moja moja, vya mwisho vilikuwa vya kuandika lililowatisha. Dalili za kiwewe zilipungua zaidi kwa waliofunzwa.

Mzizi wa mbinu hiyo uko Uingereza. Mwaka 1986 Mark Williams na Donald Broadbent waliwapa watu waliojaribu kujiua neno moja moja na kuwaomba wataje tukio linalohusiana nalo. Wengi walijibu kwa jumla jumla. Tuseme kijana wa Bongonga aliyekuwa na miaka 14 siku wapiganaji wa Bakata Katanga walipoingia Lubumbashi, tarehe 23 Machi 2013. Mpe neno “Jumamosi”. Atasema: “Jumamosi huwa mbaya kwangu.” Hapo hakuna siku, kuna ukungu. Mfundishaji humwuliza Jumamosi ipi, alikuwa wapi, ameshika nini. Pengine ndipo atakapojibu: “Nilikuwa nafua shati la shule, lina sabuni bado, mama akaniita ndani.” Wala hawaanzii hapo. Huanza na maneno mepesi na ya furaha, kwa sababu akili iliyozoea kukwepa siku mbaya huzipoteza na nzuri pamoja nazo.

Katanga haikusubiri Kabul ili ijue kwamba kumbukumbu hushikwa kwa kitu. Waluba wana lukasa, ubao wa mti uliobanwa kiunoni, wenye shanga na kauri. Mjuzi wa chama cha mbudye aliushika kwa mkono wa kushoto, kidole cha mkono wa kulia kikapita juu ya shanga, na kila ushanga ukaamsha mfalme, safari au mahali. Ushanga mmoja uliweza kusema jambo tofauti mbele ya hadhira tofauti. Ni ndugu wa lile neno analopewa msichana wa Kabul: hauna hadithi ndani yake, unaiita tu. Lakini lukasa ilikumbuka ufalme. Mtoto aliyeona nyumba ikiungua hakuwa na ushanga wake pale.

Lililo karibu zaidi na sisi wa mjini ni ukumbusho. Ndivyo watu wa Lubumbashi na miji ya migodi walivyoziita picha walizonunua miaka ya 1970 na kuzitundika salon. Iliyojulikana kuliko zote ni Colonie belge: ua wa gereza, askari anamchapa mfungwa fimbo, Mzungu anatazama, wanawake wamekuja na chakula. Mgeni akikaa chini ya picha ile, masolo, yaani mazungumzo, huanza. Baba mwenye nyumba ana la kusema, na jirani pia. Hata hivyo naona kasoro ambayo wanaozisifu picha hizo hawaitaji. Gereza lile ni lipi? Mfungwa yule ni nani, na siku ile ni ipi? Fimbo ile ni fimbo zote. Kwa lugha ya akina Williams, Colonie belge ni jibu la jumla jumla lililotiwa rangi.

Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alilishughulikia jambo hilo. Naye alichora ukumbusho wa kuuza, lakini kati ya 1973 na 1974 alimchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian historia nzima ya nchi, picha 101, kwenye magunia ya unga yaliyopakwa rangi. Humo kuna vichwa vya habari na watu wanaotajwa majina. Fimbo ikawa fimbo ya mtu fulani. Na hakuzikabidhi kimya: alikaa na Fabian akazieleza moja moja kwa Kiswahili cha Katanga, akiulizwa, akijibu. Mkusanyiko huo leo uko Amsterdam, jambo linaloniuma kidogo kila nikipita kwenye kuta tupu za salon za Bel-Air.

Kaskazini mwa Uganda waliokuwa askari watoto walisaidiwa kwa njia iliyo katikati ya mafunzo ya Kabul na picha hizi. Katika tiba ya kusimulia iliyoandikwa na Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert, mtu hutandaza kamba sakafuni kuwa maisha yake, akaweka ua penye heri na jiwe penye janga, kisha akasimulia kwa mpangilio. Katika jaribio la huko, lililochapishwa mwaka 2011, tiba ilitolewa na wenyeji waliofunzwa, si madaktari. Ile kamba ingeeleweka Kampemba bila mkalimani.

Daftari la kuandikia kama kule Kabul lina wasiwasi wake huku kwetu. Kijana anayelala chumba kimoja na wadogo watano atalificha wapi? Tena kuandika ni kukaa peke yako, na kilio kimetufundisha kinyume chake, kwamba habari hupoa ikipita masikio mengi. Ila kilio nacho kina upungufu, nao ni ule wa viti: humsikiliza mjane, humsikiliza kaka mkubwa, na kijana hutumwa maji.

Ningeombwa kuandaa mafunzo hayo huku, nisingeanza na maneno ya hisia. “Huzuni” kwa Kiswahili chetu humfanya kijana ajibu kama yuko kanisani. Ningeweka mezani bidoni ya njano, sabuni ya kipande, tiketi ya basi, kandambili moja isiyo na mwenzake, halafu nimwambie achague kimoja.