Mninga: Sifa zake, mahali unapoota na majina yake mipakani

Mninga (Pterocarpus angolensis) ni mti wa asili wa misitu ya miombo. Mbao zake hutengenezwa milango, madirisha, vitanda na makabati. Anayezinunua nchi moja na kuziuza nyingine anatakiwa kuujua mti wenyewe, kwani jina likikosewa kwenye hati mzigo unaweza kukwama mpakani.

Unavyotambulika

Kwa kawaida mninga hufikia urefu wa mita 15 hadi 20 na hupukutisha majani wakati wa kiangazi. Gome ni la kijivu iliyokolea, limepasuka vipandevipande kama magamba. Likikatwa hutoa utomvu mwekundu kama damu. Maua ni ya manjano. Alama ya uhakika ni tunda lake: ni bapa na la mviringo, lina ukingo mwembamba kama bawa, na katikati limejaa miiba.

Mbao ya ndani ni ya kahawia, mara nyingine yenye wekundu. Mafundi huipenda kwa sababu haisinyai wala kujipinda sana inapokauka. Mita moja ya ujazo ya mbao kavu huwa na uzito wa kilo 500 hadi 700. Mbao mbichi ni nzito zaidi, hivyo msafirishaji asikadirie mzigo kwa macho kabla ya kufika kwenye mizani.

Mahali unapoota

Mninga hupenda udongo wenye kina usiotuamisha maji. Unapatikana Tanzania, hasa mikoa ya magharibi na kusini kama Tabora, Katavi na Ruvuma, na pia Kongo, Zambia, Malawi, Msumbiji, Angola, Zimbabwe, Namibia, Botswana na Afrika Kusini.

Ukuaji wake ni wa taratibu. Kwa miaka kadhaa ya mwanzo mche hukauka juu kila kiangazi huku mizizi ikiendelea kukua chini. Mti huchukua miongo mingi kufikia unene wa kupasuliwa mbao, kwa hiyo ukikatwa ovyo haurudi haraka.

Majina

Zambia na Zimbabwe huitwa mukwa, Malawi mlombwa, Msumbiji umbila, na Afrika Kusini kiaat. Usiuchanganye mukwa na mukula. Mukula, ambao Tanzania huitwa mkurungu, ni ndugu yake Pterocarpus tinctorius, wenye mbao nyekundu zaidi. Kwenye hati andika pia jina la kisayansi.

Vibali

Mkurungu uliingizwa katika Orodha ya Pili ya mkataba wa CITES mwaka 2019. Mkutano wa Panama wa Novemba 2022 uliongeza jamii yote ya Pterocarpus ya Afrika, mninga ukiwemo, na uamuzi huo ulianza kutumika Februari 2023. Kwa hiyo magogo na mbao za mninga zinazovuka mpaka zinahitaji kibali cha CITES kutoka nchi zilikovunwa, pamoja na leseni na hati za kusafirishia za nchi husika.

Wafanyabiashara wanashauriwa kudai nakala za vibali hivyo kabla ya kulipa, na madereva kabla ya kupakia. Gari likishafika mpakani, muda wa kuvitafuta umekwisha.