Barua pepe katika mtambo wa ofisi: inavyopokelewa na inavyochukuliwa

Mkazi wa Kibirichia, kwenye miteremko ya kaskazini ya Mlima Kenya, hahitaji kufunzwa tofauti iliyopo kati ya barua kufika na barua kuchukuliwa. Nchini Kenya tarishi hapiti nyumba kwa nyumba. Barua hutiwa katika sanduku lenye nambari, na humo hukaa hadi mwenye ufunguo aje. Wengi wa vijijini hutumia sanduku la shule au la kanisa, na si ajabu barua kuwa imefika wiki mbili kabla mwenyewe hajaiona.

Barua pepe ya ofisi hufuata mkondo uo huo, na hapo ndipo inapopotelea. Hebu tuchukue mfano. Chama cha wakulima wa viazi cha Kibirichia kinatuma kwa barua pepe orodha ya wanachama watakaolipwa Ijumaa. Mtumaji haoni ujumbe wowote wa kosa. Katika ofisi inayolipa, karani anaapa kwamba hakupata kitu. Yawezekana kabisa kwamba wote wawili wanasema kweli.

Makala haya yanahusu mitambo ya daraja la kati, hususan ile ya kampuni ya IBM iliyozinduliwa tarehe 21 Juni 1988 kwa jina la AS/400. Mwaka 2000 iliitwa iSeries, mwaka 2006 ikawa System i, na tangu 2008 mfumo wake wa uendeshaji hujulikana kama IBM i. Ni midogo kuliko ile mitambo mikuu iliyojaza chumba kizima, lakini huweza kuhudumia mamia ya watumiaji kwa wakati mmoja. Mabenki, kampuni za bima na viwanda ndio wateja wake wa jadi. Leja, mishahara na orodha za wateja hukaa humo, na mara nyingine barua pepe pia.

Safari ya barua huanza kwa mazungumzo mafupi baina ya mitambo miwili, kwa kufuata itifaki ya SMTP iliyochapishwa mwaka 1982. Mtambo unaotuma hutaja mtumaji, humtaja mpokeaji, kisha hutoa barua yenyewe. Mtambo unaopokea ukiridhika hujibu kwa nambari 250. Jibu hilo ni sawa na kutia sahihi katika daftari la tarishi. Kabla yake, barua ni dhamana ya mtumaji, naye hulazimika kuihifadhi na kujaribu tena, kwa kawaida kwa muda wa siku nne au tano. Baada yake, dhamana imehamia kwa mpokeaji. Hivyo anayesema "niliituma na haikurudi" amethibitisha tu kwamba mtambo fulani njiani uliikubali. Hajathibitisha kwamba kuna mtu aliyeisoma.

Itifaki hiyo inadhani kwamba mpokeaji yuko hewani wakati wote. Hali haikuwa hivyo hapa kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, barua pepe za kwanza jijini Nairobi zilikusanywa kwa mafungu na kusafirishwa kwa simu kupitia mtandao wa FidoNet. Intaneti kamili ilifika nchini mwaka 1995. Kwa miaka mingi baadaye ilitegemea setilaiti, na barua iliyotoka kampuni moja ya Nairobi kwenda nyingine iliweza kupitia ng'ambo kabla ya kurudi mtaa wa pili. Kituo cha kubadilishana mawasiliano cha KIXP kilichofunguliwa Novemba 2000 ili kuondoa mzunguko huo kilifungwa na mamlaka ya mawasiliano mwezi uliofuata, kikafunguliwa tena Februari 2002. Nyaya za chini ya bahari zilifika Mombasa mwaka 2009. Kwa ofisi ya mashambani, ya simu ya waya na modemu, hatari ilikuwa karibu zaidi: waya wa shaba ulioibwa usiku, au umeme uliopotea.

Dawa ya ofisi za namna hiyo ilitolewa mwaka 1996 kwa amri iitwayo ETRN, nayo mitambo ya AS/400 iliikubali. Kampuni ya intaneti huzipokea barua za ofisi na kuziweka. Ofisi hupiga simu kwa saa zilizopangwa, hujitambulisha, na kusema: nipe zangu zote. Gharama ya simu hupungua. Lakini msomaji aone kwamba sasa jibu la 250 limetolewa na kampuni ya intaneti, wala si ofisi. Simu isipopigwa kwa siku tatu, barua zimefika kwa hesabu ya mtumaji ilhali hakuna hata moja iliyoingia ofisini.

Tuseme imeingia. Ndani ya mtambo kuna daftari la anwani linalofunguliwa kwa amri ya WRKDIRE. Humo kila mtumiaji huandikwa jina na anwani ya ndani, kila kimoja kisichozidi herufi nane, kisha huongezewa jina lake la intaneti. Asiyekuwamo hana sanduku, na barua yake hurudishwa. Kosa linalosumbua zaidi ni la yule aliyemo lakini akaandikwa nusu. Daftari huuliza barua zake ziwekwe wapi, na ni lazima lijibiwe kwamba ziwekwe katika ghala la ujumbe la mfumo, na kwamba anwani inayopendelewa ni ile ya SMTP. Majibu hayo yakiachwa kama yalivyo, barua huelekezwa kwenye mpango wa kale wa barua za ndani, ambako programu ya barua ya karani haifiki kamwe. Huyo ndiye karani wetu anayeapa.

Pia kuna kazi ya nyuma ya pazia iitwayo QMSF, ambayo huzigawa barua baada ya kupokelewa. Mlango wa mbele ukiwa wazi na QMSF imelala, barua hurundikana ukumbini. Anayechunguza barua iliyopotea na aanzie hapo, kabla ya kumlaumu mtu.

Kuchukua barua ni kazi ya itifaki nyingine, POP, ambayo kwa jina lake hasa ni itifaki ya ofisi ya posta. Toleo lake la tatu ni la mwaka 1988. Programu iliyo kwenye tarakilishi ya mezani hubisha mlango nambari 110, hutaja jina na neno la siri, huhesabu barua, huzinakili, kisha huomba zifutwe. Ufutaji haufanyiki papo hapo. Mtambo huweka alama tu, na hufuta pale mteja anapoaga rasmi. Laini ikikatika kabla ya kuagana, alama hizo hutupwa na barua zote hubaki. Ndiyo sababu watumiaji wa laini mbovu walikuwa wakilalamika kupata barua ile ile mara tatu. Kero hiyo ni kinga iliyofikiriwa vyema: afadhali mara tatu kuliko kukosa.

Hatari ya kweli huja baada ya kuagana salama. Sasa nakala pekee iko katika tarakilishi moja ya mezani, pengine ile inayotumiwa na kila mtu ofisini. Diski yake ikiharibika, orodha ya wakulima imekwenda nayo. Programu nyingi huruhusu nakala ibaki katika mtambo, na huo ndio ushauri wangu. Hata hivyo ushauri huo una bei yake. Katika mitambo hii diski zote kwa kawaida ni bwawa moja, na barua hunywa humo pamoja na leja. Bwawa likijaa, kinachosimama ni kazi ya ofisi nzima. Masanduku yasafishwe kila mwezi.

Jambo linalosahaulika kuliko yote ni nakala za akiba. Ofisi nyingi huhifadhi maktaba za data kila usiku kwa amri ya SAVLIB na kulala usingizi mnono. Masanduku ya barua hayamo katika maktaba hizo. Yamo katika mfumo mwingine wa faili, chini ya saraka ya QTCPTMM, na huhitaji amri ya SAV. Mtu anaweza kufuata ratiba hiyo kwa miaka mitano bila kuhifadhi barua hata moja, naye asijue hadi siku ya janga.

Kuna pia neno la siri. Katika mtambo huu neno linalofungua sanduku la barua ni lile lile linalomfungulia mtumiaji mfumo wenyewe. Kupitia mlango 110 husafiri likiwa uchi, na yeyote aliye njiani huweza kulisoma. Anayeiba barua, basi, huenda akawa ameiba pia ufunguo wa leja. Mlango 995 hufanya kazi iyo hiyo kwa usimbaji, na siku hizi hakuna kisingizio cha kutoutumia. Kwa mtumiaji ambaye shughuli yake ni barua tu, msimamizi ampe menyu ya kuanzia iitwayo *SIGNOFF. Akijaribu kuingia kwenye skrini ya mfumo hutolewa mara moja, lakini barua zake anaendelea kuzipata.