Muhula wa Mwisho Mkwawa

Mpwa wangu ameuanza muhula wake wa sita, ambao ndio wa mwisho, katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, mjini Iringa. Somo lake kuu ni Kiingereza. Usiku wa siku ya kwanza ya masomo alinipigia simu, akaniamkia, kisha akanyamaza kidogo. "Mjomba," akasema, "imebaki miezi michache niitwe mwalimu wa Kiingereza, nami naogopa."

Sikumjibu papo hapo. Mimi sikujaliwa kuketi katika ukumbi wa chuo chochote. Kiingereza nilikiokota kwa kamusi, na kwa kukiweka kitabu cha Shakespeare upande mmoja na tafsiri ya Mwalimu Nyerere upande wa pili, mstari kwa mstari. Mtu kama mimi amwambie nini msomi? Nikaona heri nimwandikie habari za mahali alipo, kwani hofu yake ina umri mkubwa kuliko yeye.

Mji wa Iringa umekaa juu ya kilima, na chini yake unapita mto Ruaha Mdogo. Baridi ya nyanda zile, inayomtesa mtoto wa kisiwani, ndiyo iliyowapendeza walowezi wa Kizungu, wakalima tumbaku Iringa na chai Mufindi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 ikajengwa Iringa shule ya bweni kwa ajili ya watoto wao, ikaitwa St. Michael and St. George. Mbeya nako ilikuwapo shule ya bweni ya watoto wa Kizungu. Mtoto wa Kihehe aliyepita nje ya ua angeweza kukisikia Kiingereza kikisemwa ndani, kama mtu asikiavyo karamu ya jirani asiyomwalika.

Baada ya uhuru mlango ulifunguliwa, na shule ikapewa jina la Mkwawa. Jina hilo lina uzito wake. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, jeshi la Mkwawa liliwashinda Wajerumani na kumwua kamanda wao, Zelewski. Mwaka 1894 ngome yake ya Kalenga ilianguka, na mwaka 1898 akajiua kuliko kutekwa. Kichwa chake kikapelekwa Ujerumani. Vita vikuu vya kwanza vilipokwisha, Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ulikidai kichwa hicho katika kifungu cha 246, kwa Kiingereza na Kifaransa. Hakikurudi hadi mwaka 1954, Gavana Twining alipokikabidhi Kalenga kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa. Basi mpwa wangu anasoma sarufi ya Kiingereza chini ya jina la mtu ambaye hata kichwa chake kilidaiwa kwa lugha za wageni.

Mwaka ule ule wa Lugalo, wageni wengine walifika nyanda hizo. Wamisionari wa Kimoravian kutoka Ujerumani walipiga kambi Rungwe, kusini ya Mbeya. Wale wa bunduki hawakuona haja ya kujua lugha ya mtu. Hawa wa kitabu iliwalazimu kuketi chini wajifunze Kinyakyusa, kwani asiyeeleweka hana la kufundisha. Leo Mbeya kuna Chuo Kikuu cha Teofilo Kisanji, chenye jina la askofu wa Kimoravian aliyekuwa mwananchi, nacho pia hufunza walimu. Yamkini huko nako yupo kijana anayehesabu wiki zake za mwisho kwa hofu hii hii.

Hofu yenyewe ni ipi? Mwaka jana mpwa wangu alipelekwa mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya kata mkoani Mbeya. Aliingia kidato cha kwanza, akauliza swali kwa Kiingereza. Darasa zima likainamisha vichwa. Akaliuliza tena kwa Kiswahili, mikono ikaota kama mahindi. Lakini ukutani palikuwa na tangazo lililokataza Kiswahili, na mlangoni alisimama mwalimu mwenyeji akimtazama. Alirudi kwenye Kiingereza, na vichwa vikarudi chini. "Mjomba," aliniambia, "nilijiona kama niliyewafungia nje."

Kufuli hilo halikutengenezwa naye. Tangu mwaka 1967 shule za msingi za serikali zilifundisha kwa Kiswahili, na sekondari zikabaki na Kiingereza. Mwaka 1980 Rais aliunda Tume ya Elimu chini ya Jackson Makweta, mwana wa Njombe, ambayo wakati ule ilikuwa ndani ya mkoa wa Iringa. Mwaka 1982 Tume ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia kidato cha kwanza mwaka 1985. Serikali haikukubali. Zikaja shule za kata kwa mamia, walimu wakapungua, wengine wakaingizwa madarasani kwa leseni baada ya mafunzo ya wiki chache. Kwa sababu ya upungufu huo, mwaka 2005 shule ya Mkwawa iligeuzwa kuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Sera ya Elimu ya mwaka 2014 ilikitaja Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika ngazi zote, lakini kidato cha kwanza cha shule za serikali kimebaki cha Kiingereza.

Kwa hiyo, je, amepoteza miaka mitatu? Hasha. Mwaka 1963 Mwalimu Nyerere, akiwa Rais, alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar, na mwaka 1969 akatoa Mabepari wa Venisi. Samuel Mushi akatuletea Makbeth mwaka 1968 na Tufani mwaka 1969. Hao walikijua Kiingereza vizuri, na kwa kukijua waliwaleta wageni nyumbani wakazungumza nasi. Mimi ni mmoja wa waliofaidi. Bila tafsiri zile ningebaki nje ya ua hadi leo. Kujua lugha ya watu si kosa, na kuifundisha kwa ustadi, kama somo, ni kazi ya heshima. Kosa ni kuifanya ukuta wa kumzuia mtoto asijue hesabu wala historia yake mwenyewe.

Hayo ndiyo niliyomwandikia. Nilimwomba pia, kabla hajavua joho la mahafali, achague shairi moja la Kiingereza alipendalo alitie katika Kiswahili, si kwa ajili ya mtihani, bali kwa ajili ya watoto wale walioinamisha vichwa. Mwisho wa barua nikamtilia ubeti huu:

Lugha ngeni umesoma, hujapoteza hazina,
Ya kwenu ndiyo ya mama, ndiko yaliko mashina,
Daraja lililo jema, pande mbili huungana,
Wavushe waliokwama, wapate kuelewana.

Amenijibu kwamba shairi amekwisha kulichagua. Hajaniambia ni lipi.