Canon PowerShot A610: kamera ndogo iliyofungiwa uwezo

Wasomaji, mnaikumbuka A610 ya mwaka 2005? Megapikseli 5, zumu ya lenzi mara 4, betri 4 za AA kama za redio ndogo. (Zumu ya dijitali ilikata picha na kuitanua tu, mimi ningeizima.) Ungeweza kujipangia kasi ya shata na uwazi wa lenzi, lakini picha ilitoka JPEG tu, imeshabanwa.

Kufikia 2007 waandishi wa programu waliojitolea walikuwa na CHDK. Unaiweka kwenye kadi, na kamera ile ile inatoa RAW, yaani data ghafi ya kihisi, hata kufuata skripti yako. Kumbe uwezo ulikuwemo; programu ya kiwandani ndiyo iliyoukataa! Ukiichomoa kadi hiyo, kamera inarudi ilivyokuwa.